Faiba nyumba mpya Goba: nivute Cat6 kila chumba, niweke mesh, au nibaki na ruta ya 5G?

Mjenzi_Goba:

Wakuu habari za jioni, naomba nondo kabla sijafanya ujinga.

Nina nyumba Goba, ya chini haina ghorofa, vyumba vinne, sebule kubwa, jiko, stoo na kajichumba nilichokiita ofisi kwenye ramani maana mi nafanya kazi nyumbani siku tatu kwa wiki. Uani kuna banda la vyumba viwili, mita kama 30 toka nyumba kubwa. Tumeshapaua, fundi umeme ameanza kuchana kuta na plasta inaanza mwisho wa mwezi, kwa hiyo nina kama siku kumi na mbili za kuamua, baada ya hapo ni kutoboa nyumba mpya na mama watoto ameshasema hataki kuona waya unatambaa ukutani kama kwa mjomba wake.

Mawazo yaliyopo mezani ni haya. La kwanza faiba iingie sebuleni halafu nivute Cat6, yaani waya wa netiweki, kila chumba na akses pointi (vile vifaa vya kurusha Wi-Fi) mbili tatu kwenye dari. La pili faiba hiyohiyo lakini nisivute waya wowote, ninunue zile ruta za mesh zinazopokezana Wi-Fi hewani, pakiti ya tatu, nizisambaze ndani basi. La tatu, hili ni la shemeji yangu, achana na faiba kabisa chukua ruta ya 5G weka dirishani, ukihama unahama nayo. Na kuna jamaa kazini ananiambia sa hivi watu wanavuta faiba mpaka chumbani, sijui kama Bongo hiyo ipo.

Nikimuuliza fundi wangu ananijibu "bosi waya ni waya tu", nikaogopa. Waliojenga karibuni mngefanyaje? Hela sio nyingi ila sitaki kurudia kazi.

Ras_Kinyerezi:

Mkuu shemeji yako ana akili. Mi nina ruta ya 5G mwaka wa pili huu, ipo juu ya kabati karibu na dirisha linalotazama mnara, nyumba nzima inapiga. Hamna kuchimba, hamna kumsubiri fundi wa kampuni aliyesema anakuja Jumanne afu simu haipokei. Tangu Vodacom wawashe 5G mwaka 2022 na wenzao wakafuata, hizi habari za waya ukutani naona ni za maofisini huko Posta. Hela ya kuchana kuta nunulia simtanki.

Kaka_Msikilizaji:

Nimekaa paleee nasubiri nondo, na mi napaua mwezi ujao.

FundiKebo_Kkoo:

Ras, wewe umejenga au umepanga? Maana ushauri huo kwa mpangaji ni mzuri kabisa, siupingi, ila huyu mwenzetu ana kuta wazi na hiyo nafasi haitarudi.

Mjenzi, kazi yangu ndo hii, navuta netiweki na kamera mwaka wa tisa sasa kwa hiyo ntaongea kirefu kidogo mnivumilie. Swali umeliuliza kinyumenyume mkuu. Unauliza waya gani wakati swali la hizi siku kumi na mbili ni paipu. Waya unaweza kununua mwakani, mesh unanunua ukipata bonasi, ruta ya 5G unaipata leo jioni, ila paipu ambayo haipo ukutani na plasta imeshapigwa imetoka hiyo. Na ni kitu cha bei ndogo kuliko karibu vyote utakavyonunua hapo, bei ya kitasa kimoja kizuri cha mlango inakutosha paipu za chumba na chenji inabaki.

Chagua sehemu moja ambayo waya zote zitakutania. Kwako naona stoo, sio sebuleni nyuma ya TV ambako kuna joto na watoto wanachomoa kila kitu. Kutoka stoo kila chumba kina paipu yake mpaka mwisho, haipitii chumba kingine. Mafundi umeme wetu wamezoea kuruka, waya unaingia soketi ya kwanza unatoka unaenda ya pili, kwa umeme ni sawa ila kwa netiweki haiendi hivyo, kila tundu lina waya wake mmoja mzima hadi stoo. Mwambie hilo kabla ya yote, tena mchoree ukutani kwa mkaa, maana ukimwambia kwa mdomo atakuitikia "sawa bosi" halafu anafanya anachokijua.

Paipu iwe ya milimita 25, ya 20 ukishapitisha waya mbili za Cat6 ya tatu inakuwa vita. Kona asitumie zile elbo kali za nyuzi 90, apinde paipu kwa springi kona iwe ya mviringo, na zisizidi mbili kati ya boksi na boksi, zikizidi aweke boksi la kuvutia katikati. Ndani ya kila paipu aache kamba ya nailoni. Wengi wanaacha bainding waya ya kufungia nondo kwa sababu ipo pale saiti, lakini hewa ya Dar mnaijua, baada ya miaka mitatu minne ule waya umekula kutu, unauvuta unakatikia ndani na paipu umeipoteza. Halafu netiweki na umeme visikae paipu moja hata kwa bahati mbaya, ziachane kama futi moja zikienda sambamba, na zikilazimika kupishana zikatize msalaba.

Sasa waya. Cat5e inabeba giga 1 kwa sekunde mpaka mita 100. Cat6 nayo giga 1 kwa mita 100, ila kwa mita 55 kushuka inabeba mpaka giga 10. Cat6A inabeba giga 10 mita zote 100. Nyumba yako chumba cha mbali kabisa toka stoo hakifiki mita 30, kwa hiyo Cat6 ya kawaida tayari ni giga 10 hapo kwako, Cat6A ni nene, ngumu kupinda na unalipia kitu ambacho hutakiona. Ukiwa umebanwa kweli hata Cat5e ya shaba inatosha na ni bora mara mia kuliko Cat6 kimeo.

Na hapo kwenye kimeo ndo watu wanapigwa Kariakoo. Kuna boksi zinaandikwa CAT6 kwa herufi kama bango halafu pembeni kwa herufi za sisimizi CCA. Hiyo ni alumini imepakwa shaba juu. Alumini inapitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba, ukituma umeme wa kamera au akses pointi kupitia waya huohuo unapotea njiani na waya unapata moto, na pia inakatika ukiikunja mara mbili tatu kwenye tundu. Nenda na wembe. Kwangua ncha ya waya mmoja, ikiwa nyekundu mpaka ndani chukua, ikitokea nyeupe rudisha boksi hapohapo dukani kabla hujatoka. Boksi zima ni mita 305, na la shaba tupu ukilibeba kwenye bajaji mkono unajua.

Kijana_wa_Sinza:

Kwa nini asiweke Cat8 tu amalize mchezo? Nimeona zinauzwa onlaini bei poa, bapa nzuri hata ukutani hazionekani.

FundiKebo_Kkoo:

Cat8 ya kweli ni ya mita 30 mwisho, imetengenezwa kwa ajili ya seva kuunganishwa na swichi (kile kiboksi cha kugawa netiweki) ndani ya chumba kimoja. Hizo bapa za bei poa mi nimezifungua sana, ndani unakuta nyuzi nyembamba kama za heedifoni. Usimpoteze mwenzio.

Mama_Pacha:

Mimi ndo mteja wa hiyo chaguo la pili kaka Mjenzi, ngoja nikupe yaliyonikuta. Tulihamia Mbweni mwaka juzi, mume wangu akasema waya ni ushamba, tukanunua mesh pakiti ya tatu, sio za bei rahisi. Tunalipia mega 40. Sebuleni zinakuja zote. Kile cha koridoni kikawa kinatoa kama 20. Kile cha masta mwisho wa nyumba nikipima usiku napata 8, 9, siku nyingine 6, na pacha wangu wakianza katuni kule kwao mimi Zoom inaganda mdomo wazi mbele ya bosi.

Nikadhani kampuni wanatuibia, nimewatukana jamani Mungu anisamehe. Kumbe ni nyumba yetu wenyewe. Tofali nzito za inchi sita, plasta pande zote, katikati kuna choo chenye tailizi mpaka juu na kioo kikubwa, ile 5GHz ya Wi-Fi (sio 5G ya simu) ambayo ndo yenye kasi haipendi kuta hata kidogo, na hizi mesh za redio mbili kila inaporuka kutoka kimoja kwenda kingine inatumia hewa ileile kupokea na kurusha, kwa hiyo kila ruka unapoteza karibu nusu. Alieleza fundi mwenyewe aliyekuja.

Dawa ilikuwa kuvuta waya toka sebuleni mpaka koridoni na mpaka masta, mesh ileile haikubadilishwa, tukaichomeka waya nyuma tu. Masta sasa napata 37, 38. Ila hiyo tranki nyeupe, lile plastiki la kufichia waya, inayopita juu ya mlango wangu mpya wa mninga naiangalia kila asubuhi najisikia vibaya. Kwa hiyo mesh na waya sio maadui kaka, mesh yenye waya ni nzuri sana, isiyo na waya inategemea nyumba, na nyumba zetu hizi za tofali sio zile za mbao na ubao wa jipsamu tunazoziona YouTube.

Ras_Kinyerezi:

Haya dada hilo la tailizi nalikubali, hata kwangu chooni haishiki 😂 Ila mjibuni basi hili, TANESCO wakikata? Mi ruta yangu ina betri ndani natembea nayo. Nyie mna stoo nzima ya madude yanayotaka umeme.

Sola_Bunju:

Hili la umeme ngoja nilijibu mimi, ndo fani yangu.

Faiba za majumbani nyingi ni GPON, kutoka kituo cha kampuni mpaka kwako njiani hakuna kifaa kinachotumia umeme, lile boksi la nguzoni ndani yake kuna kigawanya mwanga tu, kioo kitupu. Maana yake mtaa mzima ukiwa giza faiba yako bado ina mwanga kama kituoni wana jenereta au betri, kinachozima ni kile kiboksi cha kwako. Na hapo ndo ujanja wa Fundi wa kukusanya kila kitu stoo unapolipa, kwa sababu akses pointi za darini zinapata umeme kupitia waya wa netiweki toka kwenye swichi, PoE, ile ya kawaida inatoa mpaka wati 15.4 kwa tundu, hauhitaji soketi darini wala betri kila chumba.

Piga hesabu. Kiboksi cha faiba wati 10, swichi yenyewe 8, akses pointi tatu kama wati 9 kila moja, jumla 45. Betri ya 12V amp 100 ina kama wati saa 1200, ukiwa mstaarabu unatumia nusu ili isife mapema, 600, gawa kwa 45 ni saa 13, toa kinacholiwa na inveta sema saa 11. Umeme gani huo utakatika masaa 11 mfululizo. Usijibu.

Kwa mesh zisizo na waya kila kimoja kinataka umeme wake chumbani kwake, ukikatika unabaki na cha sebuleni.

Ras_Kinyerezi:

😂😂 saa 11 nazijua mimi.

Bi_Tegeta:

Mnaongea vizuri sana lakini hakuna aliyemuuliza mtoto wa watu kama faiba ipo mtaani kwake. Mimi nilifanya yote hayo, paipu, kabati, swichi imekaa stoo inawaka taa, siku nawapigia kampuni wananiambia mama mtaa wako bado haujafikiwa tutakujulisha. Miezi saba! Na mtaa wa pili toka kwangu wanayo, natazama nguzo zao kwa macho.

Mwanangu kabla hujanunua hata soketi tembea kwa miguu mtaani. Tazama nguzo, boksi jeusi la faiba linaonekana na vile vikebo vyeusi vyembamba vinavyoshuka majumbani. Uliza majirani wanatumia ya nani, TTCL au wengine, na waulize swali moja tu, ikikatika wanakuja baada ya siku ngapi. Grupu la WhatsApp la mtaa watakwambia ukweli kuliko duka lao. Goba hiyo barabara ya lami wanayo lakini ukiingia ndani ndani inategemea na bahati, kuna mtaa wana kampuni mbili na mwingine hauna hata moja.

Sisi tulijiandikisha majina kumi na nne tukapeleka kwa pamoja ndo wakasogeza. Hiyo miezi saba nilitumia hiyohiyo ruta ya 5G ya Ras, niliichomeka kwenye swichi yangu stoo nyumba nzima ikapata, kwa hiyo paipu hazikulala njaa.

FundiKebo_Kkoo:

Shikamoo mama Tegeta, hapo umenikumbusha kitu nilichosahau. Mjenzi weka paipu ya milimita 32 kutoka ukuta wa fensi upande wenye nguzo, ipite chini ya ardhi kabla hujamwaga pevingi, iingie mpaka stoo. Na weka ya pili pembeni yake tupu. Usipoweka, fundi wa kampuni atafanya kilicho rahisi kwake, atatoboa fremu ya dirisha la karibu na nguzo, ataacha kiboksi juu ya sofa na kebo ameibana kwa misumari, na hana kosa, yeye analipwa kwa idadi ya nyumba. Ya pili ni kwa siku ukigombana na kampuni ya kwanza ukataka nyingine.

Na ya tatu iende juu chini ya bati, kwa ajili ya hiyo ruta ya 5G au antena yoyote. Ras naye tumpe haki yake, kama akiba 5G ni nzuri. Barabara zetu zinachimbwa kila siku, leo bomba la maji kesho mtaro, kijiko kikipita na faiba yenu mnakaa siku mbili.

Mdau_Kimara:

Akiba ya 5G haisaidii kitu, ile Jumapili ya Mei 2024 nani alikuwa na neti hapa? Faiba, simu, vyote chali.

FundiKebo_Kkoo:

Ile ilikuwa baharini mkuu, tarehe 12, SEACOM na EASSy zilikatika siku moja kule kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Hao wa simu na hao wa faiba wote wanatoka nje ya nchi kwa kebo zilezile za baharini. Hiyo huna cha kufanya ukiwa Goba. Mi naongelea kijiko cha mtaani, hicho kinakata faiba yako na mara nyingi mnara hakiugusi.

Shemeji_Kibada:

Vipi kuhusu lile banda la uani? Mbona mmeliruka. Mi naomba mumwambie ukweli kuhusu radi.

Kigamboni huku mwaka jana masika, mimi nilikuwa na kamera ya geti, Cat6 ya shaba safi kabisa imetoka kwenye mashine ya kamera ndani ikapita chini mpaka getini mita 35. Radi haikupiga kwangu, ilipiga mnazi wa jirani. Kamera ya geti ikafa, mashine ya kamera ikafa, swichi ikafa matundu matano, na TV iliyokuwa imechomekwa kwenye swichi nayo haikuwaka tena. TV ndo iliniuma, mtoto wa mwisho alinuna wiki nzima. Fundi akanambia umeme umeingia kwa ule waya wa geti ukatembea kila kilichoshikana nao.

FundiKebo_Kkoo:

Pole sana shemeji, na ni kweli tupu, mi nazifuata nyumba za hivyo kila masika. Waya wa shaba kati ya jengo na jengo ni kualika radi mezani. Kwa banda la mita 30 vuta faiba, haihusiani na kampuni yoyote, ni ya kwako mwenyewe, unanunua kebo ya nje ya mita 50 yenye vichwa tayari, kila mwisho unaweka media konveta (kiboksi cha kuunganisha faiba na waya wa shaba) au swichi yenye tundu la faiba. Ni kioo, haipitishi umeme. Angalizo, kebo nyingi za nje zina waya wa chuma pembeni wa kuning'inizia kwenye nguzo, huo unapitisha radi vilevile, chukua isiyo na chuma. Iingie kwenye paipu ya 32 futi moja na nusu chini.

Kamera ya geti kama lazima uvute shaba, basi usiichomeke kwenye swichi kuu, iwe na kiswichi chake na kinga ya radi iliyofungwa kwenye ethi ya kweli, sio ile nondo ya nusu mita waliyochomeka wakati wa kukaguliwa.

Dogo_Faiba:

Na mimi nichangie hiyo ya faiba mpaka chumbani maana haijajibiwa. Ipo, ni kebo nyembamba ya kung'aa karibu haionekani, inabandikwa pembezoni mwa ukuta. Nzuri kwa mtu ambaye nyumba imeshaisha kama dada Mama Pacha kabla hajaweka tranki. Kwa wewe Mjenzi naona haina maana, kila chumba kinahitaji kiboksi chake na soketi yake ya umeme kwa sababu kioo hakibebi umeme, unarudi palepale pa betri. Ukiwa na paipu siku giga 10 ikiwa haitoshi unachomoa shaba unatia faiba.

Mi nafunga faiba majumbani, kitu kimoja tu cha kuwaomba, mkishafungiwa mwombeni fundi awaonyeshe kipimo cha mwanga kwenye ile mashine yake. Ikisoma minus 15 mpaka minus 25 (dBm, kipimo cha nguvu ya mwanga) hapo mko salama, ikifika minus 27 hapo ni mpakani, mvua kidogo tu au kebo ikipindwa taa nyekundu ya LOS, yaani mwanga umepotea, inawaka. Na msiipinde kebo ikakunjika kama kamba ya viatu nyuma ya kabati, duara isiwe ndogo kuliko kikombe cha chai. Nusu ya simu ninazopigiwa "faiba imekatika" nafika nakuta kabati limesogezwa ukutani siku ya usafi.

Mjenzi_Goba:

Wakuu nimerudi, samahani kwa ukimya, nilikuwa saiti na Kariakoo.

Kwanza mama Tegeta shikamoo na asante, nilitembea kama ulivyosema. Boksi lipo nguzo ya tatu toka kwangu, majirani wawili wanayo, mmoja anasema ikikatika siku moja mwingine anasema siku tano, nadhani inategemea nani anapiga simu. Kwa hiyo faiba ipo, na ruta ya 5G ntachukua baadaye kama akiba, shemeji amefurahi anasema alisema.

Mesh bila waya nimeiacha. Mama watoto nilimsomea ile ya tranki juu ya mlango wa mninga, hakuhitaji maelezo mengine.

Paipu zote zinakutania stoo. Vyumba vya watoto na wageni paipu moja moja, masta moja, sebuleni mbili maana kuna TV na mtoto mkubwa ana gemu, ofisi mbili, dari ya koridoni moja na dari ya sebule moja kwa akses pointi, kibarazani moja. Fensi mbili za 32, banda moja ya 32 kwa faiba, na ile ya chini ya bati. Waya sa hivi navuta wa akses pointi, ofisi na sebule tu, vingine vinabaki na kamba hela ikipatikana. Fundi alishaweka elbo za duka sehemu mbili, moja ofisini na moja kona ya koridoni, nikamwambia bomoa, akanuna, nikamwonyesha hapa kwenye simu ulichoandika Fundi, akasoma mwenyewe akasema "huyu anajua". Sasa anapinda kwa springi na anawaelekeza vijana wake kama kitu alichokijua tangu zamani.

Wembe nao umefanya kazi. Duka la kwanza Kariakoo jamaa ananiapia shaba tupu, nikakwangua pale kaunta ikatoka nyeupe kama sufuria, akaniambia "hiyo ni shaba nyeupe bosi". Duka la tatu ndo nikapata nyekundu mpaka ndani, bei ilikuwa karibu mara mbili lakini boksi lenyewe dereva bajaji aliuliza nimebeba nati au?

FundiKebo_Kkoo:

Shaba nyeupe 😂😂😂 hiyo naiandika ukutani dukani.

Umefanya vizuri mkuu. Soketi za ukutani mwambie atakayebana afuate mpangilio wa rangi za nyuzi wa B (T568B) pande zote mbili, asichanganye A na B, na kila waya auandike namba stoo na chumbani kabla hajafunga.

Ras_Kinyerezi:

Haya mmeshinda. Ila nikija kukutembelea naomba niweke ruta yangu dirishani kwako tupime.

Mama_Pacha:

Kaka kitu cha mwisho, piga picha kila ukuta na futi ikiwa imewekwa pale kabla plasta haijapigwa, ili siku mtu akitaka kutundika TV au kabati ajue paipu imepita wapi. Sisi fundi wa mapazia alitoboa waya wa umeme ndani ya mwezi wa kwanza.

Mjenzi_Goba:

Dada yangu ungeniambia jana. Chumba cha watoto wameanza kupiga tangu asubuhi, ngoja nikimbie nikapige hivyo vilivyobaki.